Seva imesasishwa famuwea, diski zote hazionekani: naomba msaada, nipo Chake Chake

Msimamizi_Madungu:

Assalaam alaykum ndugu zangu. Namtafuta mtu anayeijua RAID (kufunga diski kadhaa zifanye kazi kama kundi moja) kwa undani, maana jambo lililonifika si la kubahatisha.

Taasisi yetu ipo hapa Chake Chake. Tuna seva moja ya kwenye raki, ndani mna diski 8 za SAS, aina ya kiunganishi cha diski za seva. Mbili zimebeba mfumo wa uendeshaji kwa RAID 1, moja ikiwa nakala ya nyingine. Sita zilizobaki ni RAID 5, inayovumilia diski moja kufa, na humo ndimo zilimo kumbukumbu zote: wanafunzi, malipo, matokeo ya mitihani. Jana baada ya kazi, fundi aliyetuuzia seva alituelekeza kwa simu tusasishe famuwea (programu iliyo ndani ya vifaa vyenyewe) kwa kifurushi kimoja kinachomaliza kila kitu: BIOS inayoiwasha mashine, kadi ya usimamizi wa mbali, kadi ya RAID, ubao wa diski ambao trei huchomekwa, mpaka diski zenyewe. Ikaenda vizuri hadi mwisho, ikajizima, ikajiwasha. Tokea hapo inasema hakuna kifaa cha kubuti. Nikiingia kwenye menyu ya kadi ya RAID, kadi ipo na toleo jipya linasomeka, lakini diski 0 na makundi ya RAID 0.

Nakala rudufu tunayo, ila ni ya mwezi uliopita na matokeo ya muhula huu hayamo. Fundi anasema diski zimekufa, nitengeneze RAID mpya nirejeshe nakala. Roho yangu haijakubali. Diski 8 zife kwa pamoja?

FundiDarajani:

Waalaykum salaam. Roho yako imekwambia kweli, na ahsante kwa kuuliza kabla ya kugusa. Kwanza kabisa: usitengeneze RAID mpya. Chochote kwenye menyu hiyo chenye neno "Create", "Initialize" au "Clear", kiache. Hata kama mtu anakuhimiza kwa simu.

Diski moja inaweza kufa wakati wa kusasishwa. Nane haziondoki kwa mkupuo ila pale kitu kimoja kinachozihudumia zote kiliposhindwa, nacho ni umeme wa ubao wa diski, waya wa SAS unaotoka kwenye kadi, ubao wenyewe, au kadi. Huko ndiko tunakotafuta.

Na ujue hili likutulize. Maelezo ya RAID, yaani kundi lina diski ngapi, mpangilio wake, ipi inafuata ipi, hayakai kwenye kadi peke yake. Kadi nyingi huyaandika pia kwenye eneo dogo ndani ya kila diski, na zipo zinazofuata mpangilio unaoitwa DDF uliotolewa na SNIA, chama cha kampuni za uhifadhi wa data, ili jambo hili liwe na utaratibu. Kwa hiyo kadi kusahau si data kupotea. Data hupotea pale mtu anapoandika RAID mpya juu ya ile ya zamani.

Niambie: taa za trei zinawaka? Ukiweka kiganja juu ya trei unahisi diski inazunguka? Kwenye menyu ya kadi, modi imeandikwa RAID au HBA (kadi kupitisha diski mojamoja bila kuzifunga kundi)? Na baada ya kusasisha, umewahi kuchomoa nyaya za umeme, au umekuwa ukiizima na kuiwasha kwa kitufe tu?

Msimamizi_Madungu:

Taa za trei zimezimika zote, hata ya kijani. Kiganja kinahisi mtetemo, kwa hiyo zinazunguka. Modi ni RAID. Nyaya sijachomoa, nimekuwa nikitumia kitufe.

FundiDarajani:

Basi anza hapo. Diski zinapata umeme na zinazunguka, ila mazungumzo kati yake na kadi hayapo, na taa zimezima. Ubao wa diski una chipu yake na famuwea yake, na hiyo chipu ndiyo inayoongoza taa. Mimi naishuku hiyo.

Kuizima seva kwa kitufe si kuizima. Maadamu waya umechomekwa, kuna umeme mdogo unaoingia muda wote ili kadi ya usimamizi iwe macho, na chipu nyingine kwenye ubao mama nazo hubaki na umeme huo. Zipo famuwea ambazo haziingii kazini sawasawa mpaka umeme uondoke wote, na ipo chipu ambayo ikikwama katikati ya kusasishwa haikwamuki kwa njia nyingine.

Fanya hivi. Izime. Chomoa nyaya zote mbili za umeme, maana seva yako bila shaka ina pawa saplai mbili, na mtu akichomoa mmoja huwa hajafanya kitu. Subiri dakika chache. Bonyeza kitufe cha kuwashia ukishikilie ili umeme uliobaki kwenye kapasita uishe. Kabla ya kurudisha, fungua kifuniko ukague nyaya za SAS kutoka kwenye kadi hadi kwenye ubao wa diski: uchomoe kila upande na kuurudisha mpaka usikie umejifunga. Trei za diski usizitoe bado. Ukija kuzitoa baadaye, kwanza bandika karatasi yenye namba kwenye kila moja.

Rudisha umeme, subiri kadi ya usimamizi ijiwashe yenyewe kwanza, halafu ndiyo uwashe seva. Uniambie unachokiona, ukiweza kwa picha.

MzeeWaMkunazini:

Ndiyo maana mimi miaka yote sisasishi famuwea. Kitu kinafanya kazi, unakigusa cha nini? Seva yangu ina umri mkubwa na haijawahi kunisumbua. Pemba hapo umeme ukikatika katikati ya kusasisha umekwisha.

FundiDarajani:

Mzee wangu, shikamoo. Hofu ya umeme ina msingi, na dawa yake ni UPS ambayo betri zake zimepimwa wiki hiyo hiyo. Lakini msimamo wa kutosasisha kabisa siukubali, na nitaeleza kwa nini.

Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitoa tangazo kuhusu aina fulani za SSD zake za SAS, yaani diski zisizo na sahani ya kuzunguka. Famuwea ya kabla ya toleo HPD8 ilikuwa na kasoro: diski ikifikisha saa 32,768 za kuwa na umeme, inakufa. Hizo ni miaka 3, siku 270 na saa 8. Data hairudi na diski hairudi. Machi 2020 likaja tangazo jingine, aina nyingine za SSD, safari hii saa 40,000, ambazo ni miaka 4, siku 206 na saa 16, na dawa yake ilikuwa toleo HPD7. Sasa fikiria mtu aliyenunua diski 8 siku moja na kuziwasha siku moja. Zote zina saa sawasawa. Zitakufa zikifuatana kama shanga uzi ulipokatika, na hapo RAID haikusaidii maana RAID imejengwa kwa dhana kwamba diski hufa mojamoja. Asiyesasisha ndiye aliyeumia.

Na upande wako pia una ushahidi, siufichi. Mwanzoni mwa 2009 diski za Seagate Barracuda 7200.11 zilikuwa na ugonjwa wa kutoonekana kwenye BIOS baada ya kuwashwa, sababu ikiwa famuwea. Kampuni ikatoa famuwea ya kutibu, na dawa hiyo ikaziharibu baadhi ya diski za GB 500 zilizokuwa nzima, ikabidi iondolewe na kutengenezwa upya.

Ninavyoona mimi, sasisha pale waraka wa toleo unapotaja kasoro inayokuhusu, na sasisha kitu kimoja kwa wakati. Kifurushi kinachobadilisha vitu vitano kwa mpigo ndicho kinachonitia wasiwasi, maana kikiharibika hujui umlaumu nani.

BiKonde:

Naomba niingilie, langu linafanana. Tuna seva ndogo hapa Micheweni, ya prosesa ya Intel, ina NVMe mbili, zile SSD za kasi. Baada ya kusasisha BIOS tu, bila kugusa kingine, Windows Server ikawa haifiki popote, skrini ya buluu yenye maneno INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE. Nimechomeka fleshi ya kusakinishia Windows ili niitengeneze, nayo inasema hakuna diski. Kwa hiyo NVMe zimekufa?

FundiDarajani:

Hazijafa, Bi Konde, na hilo lako ni jepesi zaidi. Kusasisha BIOS mara nyingi hurudisha mipangilio yote kama ilivyotoka kiwandani. Kwenye bodi za Intel kuna mpangilio unaoitwa VMD. Ukiwashwa, NVMe hukaa nyuma ya kidhibiti cha Intel na mfumo wa uendeshaji hauzioni mpaka uwe na draiva yake, yaani programu ya kukiendesha kidhibiti hicho. Ukizimwa, huonekana moja kwa moja. Windows yako ilisakinishwa katika hali moja, BIOS imehamia hali nyingine. Fleshi ya kusakinishia kutoziona diski kunaonesha VMD sasa imewashwa, maana fleshi hiyo haina draiva yake.

Ingia BIOS, itafute VMD, izime, hifadhi, ubuti. Kama NVMe zako mlikuwa mmezifunga RAID kwa VMD yenyewe, basi usiizime, tatizo litakuwa kwingine, uje uniambie. Kwa wenye diski za SATA ni hadithi ile ile baina ya modi mbili za BIOS, AHCI na RAID.

Usisakinishe Windows upya. Wengi wamefuta diski nzima kwa sababu ya swichi moja ya BIOS.

BiKonde:

Nimeizima VMD. Imewaka, kila kitu kipo! Allah akulipe kheri. Hakuna aliyetuambia tupige picha mipangilio kabla ya kusasisha.

FundiDarajani:

Amin. Kuanzia sasa pigeni kila ukurasa wa BIOS kwa simu kabla ya kugusa famuwea yoyote, na picha zikae nje ya seva hiyo.

Msimamizi_Madungu:

Maalim, nimerudi. Nimechomoa zote mbili, nimefanya kama ulivyosema. ZIMEONEKANA! Si zote lakini. Kadi inaona diski 7. Tundu la 0 na la 1 zimerudi kama kundi zima la RAID 1. Tundu la 2, 3, 4, 6 na 7 zimeandikwa "Foreign". Tundu la 5 ni tupu kabisa ingawa trei imo. Na wakati wa kuwaka kadi ilisimama ikasema kuna kache iliyohifadhiwa ya kundi lisilopatikana, nichague niitupe au niendelee. Sijachagua, nimeiacha kwenye skrini hiyo hiyo.

FundiDarajani:

Alhamdulillahi. Umefanya vyema kusimama hapo, maana hapa ndipo data nyingi zinapopotea, baada ya diski kurudi.

Hiyo kache kwanza. Kadi ya RAID inapopokea data huiweka kwenye kumbukumbu yake kabla ya kuiandika kwenye diski. Diski zilipotoweka, kadi ilibaki na kipande cha data ambacho hakijafika, ikakishikilia kwa betri au kwa kukihamishia kwenye chipu ya fleshi. Kipande hicho ni cha kundi lako la RAID 5. Ukikitupa, faili zilizokuwa zinaandikwa wakati ule zinaweza kuharibika, na ikiwa ni hifadhidata inaweza kugoma kufunguka. Usiitupe. Na kama kadi yako ni ya betri, usiiache seva imezimwa siku nyingi, betri ikiisha na data hiyo imekwenda.

Chagua kuendelea bila kuitupa. RAID 1 imerudi, kwa hiyo mfumo utabuti. Ukiwa ndani, kama kadi ni ya ukoo wa MegaRAID, toa amri hizi za storcli, programu ya kuongozea kadi hizo, zote ni za kusoma tu:

storcli /c0 show
storcli /c0/eall/sall show
storcli /c0 show preservedcache
storcli /c0/fall import preview
storcli /c0 show events

Ya mwisho ndiyo ninayoitaka zaidi. Neno "Foreign" lisikutishe. Maana yake kadi imesoma diski, imekuta ndani yake maelezo ya RAID, lakini hayalingani na yaliyomo kwenye kumbukumbu yake yenyewe, kwa hiyo inauliza. Jibu huwa ni "Import". Lakini kabla ya Import lazima nijue diski ya tundu la 5 ilitoka lini. Ilitoka jana pamoja na wenzake, au ilitoka kabla?

Kijana_Mkoani:

Samahani kuingia katikati. Mimi kwangu menyu ya kadi inaona diski zote, Linux ndiyo haizioni. Na mimi nilisasisha famuwea, na siku hiyo hiyo tukahamia toleo jipya la mfumo.

FundiDarajani:

Ulibadilisha viwili siku moja, na mimi nashuku hicho cha pili, mfumo mpya. Toa amri ya lspci -k uangalie kadi yako: chini yake panatakiwa pawe na mstari unaotaja draiva inayotumika. Kama mstari haupo, kerneli, yaani kiini cha Linux, haina draiva ya kadi hiyo. RHEL 8, Linux ya kampuni ya Red Hat, ilipotoka, iliondoa uwezo wa kuendesha kadi kadhaa za zamani, zikiwemo za chipu ya SAS2008, na mifumo mingi iliyojengwa juu yake ilirithi hilo. Hazina ya ELRepo ina draiva zilizorudishwa.

Kama draiva ipo lakini seva inaangukia kwenye skrini ya dharura wakati wa kubuti, huenda draiva haikuingizwa kwenye initramfs, mfumo mdogo unaopakiwa mwanzo wa kubuti. Dawa ni dracut -f --regenerate-all, ukiwa umebuti kwa fleshi na kuingia ndani ya mfumo kwa chroot. Na kama diski zipo ila zimebadilika majina, kilichokuwa sdb leo ni sdd, basi fstab yako, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa, imeandikwa kwa majina badala ya UUID, namba za utambulisho zisizobadilika. Zitazame kwa blkid uirekebishe.

Kijana_Mkoani:

Ni ya SAS2008 kweli, na mstari wa draiva haupo. Nashukuru sana kaka.

Msimamizi_Madungu:

Maalim, nimezisoma. Diski za tundu 2, 3, 4, 6 na 7 zimetoka zote jana katika sekunde ile ile, wakati ubao wa diski unasasishwa. Lakini ya tundu la 5 ilianza kutoa makosa na ikatolewa kwenye kundi wiki kadhaa nyuma. Hakuna aliyejua. Barua pepe za tahadhari zilikuwa zinakwenda kwa mfanyakazi aliyekwisha hama. Ile preview inasema kundi litarudi katika hali ya "Degraded", yaani linafanya kazi likiwa limepungukiwa diski.

FundiDarajani:

Sasa picha imekamilika.

RAID 5 ya diski 6 huishi kwa diski 5. Kwa wiki hizo kadhaa kundi lako lilikuwa likifanya kazi na diski tano bila akiba yoyote, na kila kilichoandikwa katika muda huo kimo ndani ya hizo tano tu. Diski ya tundu la 5 imebaki na picha ya zamani. Hizo tano zimetoka sekunde moja, kwa hiyo zinakubaliana. Hizo ndizo data yako, pamoja na hiyo kache.

Hatari ni kuirudisha ya tundu la 5 kundini kama diski nzima, na mtu aliyepata hofu hufanya hivyohivyo: anachomoa trei, anapuliza, anarudisha, diski inaonekana, anaweka "Import" kwa zote, au anailazimisha iwe "Online". Kadi nzuri hutazama namba ya mfuatano kwenye maelezo ya kila diski na kuigundua iliyopitwa. Lakini ukiilazimisha kwa mkono unaiambia kadi ipuuze namba hizo, na kundi litachanganya data ya leo na ya wiki zilizopita. Hapo ndipo faili hufunguka ndani zikiwa takataka.

Kwa hiyo toa trei ya 5 uiweke kando, imeandikwa namba. Kisha:

storcli /c0/fall import

Kundi litarudi katika hali ya "Degraded" na kache itaandikwa yenyewe. Usiweke diski mpya mara hiyo. Kwanza nakili data yote kwenda nje, kwa diski ya USB au kompyuta nyingine yoyote. Kujenga upya kundi kunasoma kila kona ya diski tano zilizobaki, na kama mojawapo ina kona mbovu, itajulikana wakati huo. Kunakili faili kunasoma sehemu zenye data tu. Nakala itangulie.

MzeeWaMkunazini:

Hapa nimejifunza. Kumbe diski ya tundu la 5 ilitoka kitambo na famuwea imesingiziwa nusu ya kesi.

Msimamizi_Madungu:

Import imekubali. Kundi lipo, "Degraded" kama ulivyosema, na ujumbe wa kache umeondoka. Nimefungua hifadhidata, matokeo ya muhula huu yamo yote. Nanakili sasa hivi.

Nimeitazama trei ya 5. Kwenye kiunganishi cha diski pini kadhaa zina ukungu mweupe unaoelekea kijani, na upande wa ubao wa diski tundu hilo hilo lina alama kama hiyo. Matundu mengine ni safi. Hilo lipo usawa wa upenyo wa dirisha, na dirisha linaangalia upande wa bahari.

FundiDarajani:

Hiyo ni chumvi na unyevu, nimeiona mara nyingi hapa Mji Mkongwe. Hewa ya bahari ikipita kwenye seva usiku na mchana, feni zinaivuta kupitia trei za mbele, na pini za diski ndizo zinazokutana nayo kwanza. Mguso ukilegea, diski inatoa makosa ya mawasiliano na kadi inaitoa kundini. Inawezekana kabisa diski yenyewe ni nzima.

Nakala ikimalizika, ichomeke diski hiyo kwenye kompyuta nyingine yenye kadi ya SAS uitazame kwa smartctl -x. Kama makosa ya mawasiliano ni mengi lakini orodha ya kasoro za sahani haikui, tatizo lilikuwa mguso. Hata hivyo mimi ningeweka diski nyingine. Tundu la ubao lisafishe seva ikiwa imezimwa na nyaya zimechomolewa, kwa brashi laini na alkoholi ya isopropili ya kiwango cha juu, si spiriti ya jikoni, halafu uache ikauke. Na dirisha hilo lizibwe.

BiKonde:

Diski ya badala anaweza kupata wapi kwa haraka? Sisi tuliwahi kununua za mtumba, zikaonekana kwenye kadi lakini hazikukubali kutumika.

FundiDarajani:

Hizo huwa zimetoka kwenye mashine kubwa za kuhifadhia data, zimefomatiwa kwa sekta za baiti 520 badala ya 512. Hubadilishwa kwa sg_format --format --size=512, huchukua saa nyingi, na inafuta kila kitu, kwa hiyo isifanywe kwa diski yenye data. Ukikatisha katikati, diski inabaki haina fomati mpaka uanze tena.

Kwa Msimamizi: diski ya badala iwe SAS, isiwe ndogo kuliko zile tano hata kwa sekta chache, na sekta zake ziwe za aina ile ile. Ya sekta asilia za baiti 4096 haichanganyiki na za 512. Nitumie modeli kwa ujumbe wa faragha. Nikiipata hapa Darajani au Mlandege naipa mtu wa boti ya Mkoani, wewe uipokee bandarini.

Msimamizi_Madungu:

Nimekutumia. Nakala imekamilika, nimeihakiki kwa kufungua faili za kila mwaka. Swali la mwisho: nikiweka diski mpya na kundi likaanza kujijenga, nisimamishe kazi za ofisi? Watu wanataka kuingiza alama.

FundiDarajani:

Wafanye kazi, ila ujenzi utakwenda polepole zaidi wakati wa mchana. Kiwango cha ujenzi unaweza kukipandisha jioni watu wakiondoka:

storcli /c0 set rebuildrate=60

Asubuhi ukirudishe kama kilivyokuwa, kitazame kwanza leo kwa storcli /c0 show rebuildrate. Maendeleo utayaona kwa storcli /c0/eall/sall show rebuild. Usiizime seva ujenzi ukiendelea kama si lazima. Ukikatika umeme, kadi itaendelea pale ilipoishia, lakini UPS iwe na pumzi ya kutosha kuizima kwa utaratibu. Ukimaliza, ruhusu ukaguzi wa ulinganifu upite mara moja kwenye kundi zima, na barua pepe za tahadhari zipelekwe kwa watu wawili walio kazini sasa hivi. Kisha ujaribu: toa diski mpya kwenye trei mwisho wa wiki nakala ikiwa ipo, uone kama ujumbe umefika kwa wote wawili, uirudishe ijijenge tena.

Diski nimeipata Mlandege, modeli ile ile. Inapanda boti ya kesho asubuhi.